Mtu Aliyebeba Injini

Katika kambi ya wakimbizi ya Kanyaruchinya, karibu na Goma, kila mtu alipewa jina na majirani zake, na la Twizeyimana lilikuwa refu kuliko yote: Yule Aliyebeba Injini Akaacha Mama. Watoto walilifupisha wakasema Papa Injini, ila walijua vizuri kilichokatwa. Yeye mwenyewe hakulikataa. Injini aliibeba kweli, mama alimwacha kweli, na watu wa kijiji chake cha Kibumba wote walikuwa barabarani siku hiyo na macho yao.

Mambo yalikwenda hivi. Huko Kibumba Twizeyimana alikuwa mganga wa ng'ombe, mtu wa sindano na dawa za minyoo, na alikuwa na pikipiki moja ya kupandia milima, DT ya zamani, iliyoachwa na mradi fulani wa maziwa ambao ulikuja, ukapiga picha, ukaondoka. Kwa umri, pikipiki ile ingekuwa binadamu ingekuwa imeshaoa. Vita viliporudi mwishoni mwa mwaka wa 2022, kila aliyeonekana na pikipiki nzima alijikuta dereva wa watu wenye bunduki. Unabeba masanduku, unabeba majeruhi, na ukiuliza utarudi nyumbani lini, unaulizwa wewe ni wa upande gani. Basi Twizeyimana aliketi akafikiri, akatoa spana zake, na asubuhi moja aliifungua DT yote kipande kwa kipande. Alisema kipande si pikipiki. Alisema hakuna jeshi linalosumbuka kukamata tangi peke yake.

Katika hilo alikuwa na haki. Vipande aliwagawia majirani waliokuwa wanakimbia, nao walikubali, maana hakukuwa na nyumba ambayo hajawahi kuamka usiku kuja kumzalisha ng'ombe wao. Kataliko, mwalimu wa dini, alichukua gurudumu la nyuma. Mama Namegabe, muuza mafuta ya mawese, alichukua tangi. Buhendwa, mchoma makaa, alichukua gurudumu la mbele. Fremu ilifungwa juu ya chukudu, ile baiskeli yetu ya mbao ya kusukuma mizigo, na mwenye chukudu, fundi Sikuli, aliisukuma mpaka Kanyaruchinya pamoja na godoro lake na kuku wawili. Injini Twizeyimana aliibeba mwenyewe, ndani ya gunia, kamba ikipita kwenye paji la uso kama mama anayetoka kuokota kuni.

Mkewe Rosine na watoto walikuwa wameshuka Goma siku tatu kabla. Nyumbani walikuwa wamebaki wawili tu, yeye na mama yake, Mukamazimpaka, bibi wa miaka sabini na kitu, ambaye nyonga yake ilikataa safari tangu alipoanguka katika shamba la viazi. Asubuhi ile alikuwa ameketi mlangoni. Alimwangalia mwanawe, akaliangalia gunia, akasema, "Beba injini yako, mutoto wangu. Mimi nitabaki na nyumba."

Twizeyimana akabeba.

Alikuwa hivyo tangu utoto. Neno alilichukua kama lilivyotoka mdomoni, hakulipindua kuangalia chini yake kuna nini. Kwa ng'ombe ilikuwa tabia nzuri sana, kwa sababu ng'ombe hana adabu; akisema hataki, hataki. Kambini, watu walipopita mbele ya kibanda chake cha shitingi, lile turubai la msaada, na kuambiana kwa sauti ya kusikika kwamba nani kama mama, yeye alijibu, "Alisema mwenyewe." Walimwangalia, wakaendelea na safari yao ya maji.

Alikuwa na nia ya kumfuata mama, mtu asije akadhani vinginevyo. Hakukuwa na siku aliyoamka bila nia hiyo. Wanawake wa soko walikuwa wanavuka kila juma kwenda Kibumba, wanapita bariyeri mbili za askari, ya huku ya serikali na ya kule ya waasi, wanarudi na viazi na habari: Mukamazimpaka yupo, anakula maharage, anasalimia. Walimwuliza Twizeyimana kwa nini haji nao. Naye alikuwa na majibu. Mwanamume anayekwenda kwa miguu peke yake anakamatwa abebe risasi. Wanaume wanne wenye machela wanahesabiwa kikosi. Motari wa Goma, yule wa kubeba abiria kwa pikipiki, ukimtajia Kibumba anakumbuka kwamba ana msiba. Mama hawezi kutembea, kwa hiyo dawa ni moja tu, kuiunganisha DT, kupita njia za juu kwenye mawe ya volkano, kumpakia mama na kurudi. Sababu zote zilikuwa nzuri. Ubaya wa sababu nzuri ni kwamba unaweza kukaa juu yake kama kwenye kiti.

Pesa hakuwa nazo, lakini alikuwa na mikono. Kambi ilikuwa imejaa mbuzi, kuku na sungura waliokimbia vita pamoja na wenyewe, nao waliugua kama wenyewe. Jogoo mmoja mwenye kikohozi alimletea kebo ya klachi. Mbuzi wawili aliowahasi walimletea buji, ile ya kuwashia cheche, iliyotumika lakini yenye moyo. Kuna nguruwe aliyempa mnyororo, na nguruwe yule alikufa siku ya pili, lakini mnyororo ulikuwa umeshapokelewa.

Vilivyobaki ni vipande vyake mwenyewe. Hapo ndipo kazi ilipoanza, kwa sababu miezi miwili ilikuwa imepita, na katika kambi hakuna kitu kinachokaa miezi miwili bila kupewa kazi.

Alianza na Kataliko. Gurudumu la nyuma lilikuwa linaning'inia kwenye mti wa mkaratusi mbele ya kanisa la shitingi, limevuliwa tairi, na Kataliko alikuwa anagonga rimu yake kwa nyundo kila Jumapili. Lilikuwa na sauti nzuri, lazima tuseme ukweli. Sauti yake ilifika mpaka upande wa vyoo.

"Mwalimu, nimekuja juu ya gurudumu," Twizeyimana alisema.

"Papa Bénie, ile ni mali yako," Kataliko akajibu kwa upole, akimwita kwa jina la binti yake wa kwanza. "Chukua tu."

Alisema hivyo kama angesema mtu yeyote aliyelelewa. Alitegemea Twizeyimana aseme hapana, mwalimu, haiwezekani, watu wa Mungu watabaki bila kengele. Naye aseme chukua. Wavutane kwa heshima, mwishowe wakubaliane gurudumu libaki pale mpaka Pasaka. Twizeyimana alisema aksanti, akapanda juu ya jiwe, akakata kamba.

Jumapili iliyofuata Kataliko aligonga sufuria. Pale kambini sufuria ikigongwa maana yake ni moja, na watu wakaja ibadani na sahani. Hakujawahi kuwa na ibada yenye watu wengi kama ile, wala yenye manung'uniko mengi wakati wa kutoka.

Tairi nalo lilikuwa limekuwa jozi tano za viatu. Twizeyimana aliligundua mwenyewe, siku moja baada ya mvua, alipoona alama za tairi lake zikielekea bombani, zingine zikirudi, zingine zikiwa zimesimama kwenye foleni ya unga. Alizifuata kidogo, halafu akaacha. Hata yeye aliona kwamba mtu hawezi kuvuliwa viatu kwa ajili ya pikipiki.

Kisha akaenda kwa Mama Namegabe. Tangi lilikuwa limewekwa juu ya matofali mawili mbele ya kibanda chake, limejaa mawese, na kile kibomba kidogo cha petroli chini yake kilikuwa kinatoa mafuta tone kwa tone ndani ya vikopo vya wateja. Hapakuwa na muuzaji mwingine katika Kanyaruchinya mwenye kipimo cha haki namna ile. Wamama walikuwa wanatoka mpaka upande wa pili wa barabara.

"Si ni yako, Papa Bénie," Mama Namegabe alisema, na akacheka kidogo, kama mtu anayefungua mazungumzo. "Nitakukataliaje? Beba."

Twizeyimana aliuliza beseni liko wapi. Alimiminia mama yule mafuta yake yote ndani ya beseni, kwa uangalifu, bila kumwaga hata tone, akaaga, akaondoka na tangi kwapani. Alipofika kwake, habari zilikuwa zimeshamtangulia na Rosine alikuwa amesimama mlangoni, mikono kiunoni.

"Mama Namegabe iko nalia," Rosine alisema.

"Alisema nibebe."

"Alisema!" Rosine alikuwa mtu mpole, lakini siku ile upole ulikuwa umetumwa mahali. "Weye, mutu akikuambia 'hapana, nimeshiba', unabeba sahani. Hapana ya kwanza ya mutu mukubwa si hapana. Ile ni salamu. Na 'chukua' ya kwanza si chukua. Unakataa. Anasema tena. Unakataa tena. Mara ya tatu njo mutu anasema ile iko ku roho yake. Nani alikulea weye?"

Aliyemlea alikuwa Kibumba. Rosine aliyasikia maneno yake mwenyewe yakianguka, akageuka akashughulika na moto ambao ulikuwa unawaka vizuri bila msaada. Twizeyimana aliketi na lile tangi mapajani. Aliogopa. Miezi yote ile alikuwa ameogopa bariyeri, na risasi, na kubebeshwa mizigo, na sasa aliogopa kitu kingine kabisa: zile mara mbili ambazo hakuzisubiri pale mlangoni asubuhi ile. Hakumwambia mkewe. Mtu unaanzaje kusema jambo kama hilo? Jioni alimpelekea Mama Namegabe dumu la plastiki alilolitoboa na kulifunga kibomba cha mti, akaomba radhi. Mama Namegabe alisema hakuna neno, halafu akasema tena, halafu mara ya tatu akasema liko neno, akalieleza lote, kuanzia mwanzo.

Tangu siku hiyo alifanya kazi kama mtu anayefukuzwa. Asubuhi alishuka Kituku, bandari ya ziwani, kubeba mizigo ya samaki kutoka kwenye mitumbwi, mchana alipanda na chochote alichopata, na jua likiwa bado juu alikuwa chini ya kibanda cha Sikuli, fundi wa chukudu. Sikuli alikuwa Mnande wa Butembo, mwembamba, mtu wa maneno ya kupima, aliyeamini kwamba chuma ni mti uliokosa malezi. Hakuwa amewahi kutengeneza injini. Lakini fremu alikuwa ameilinda miezi yote ile bila kuikata hata kidogo, na hilo lilimpa heshima ya kusikilizwa.

Gaskiti, zile za kuzuia injini kuvuja, walizikata kwenye katoni ya biskuti za msaada, wakazipaka mafuta. Tangi lilikuwa linavuja kwenye kona, wakaziba kwa sabuni ya kufulia, na ikashika. Kiti kilishonwa kwa shitingi na kujazwa vipande vya godoro la Sikuli, aliyelitoa akasema chukua. Twizeyimana alikataa, Sikuli akasema chukua, Twizeyimana akakataa, wakaendelea hivyo mpaka Sikuli akakasirika na kusema kwao Wanande wakisema chukua wanamaanisha chukua. Tairi la nyuma lilikuwa la mtu mwingine, limeshonwa kwa waya mahali patatu. Ringi za pistoni zilikuwa zimelika, na mpya zilikuwa mjini, nyuma ya kioo, zinapendeza.

"Hizi zitakupeleka," Sikuli alisema akizigeuza kwenye mwanga.

"Na kunirudisha?"

Sikuli alizipangusa kwenye suruali. "Umesema unataka kwenda," akajibu.

Likabaki gurudumu la mbele. Buhendwa, yule mchoma makaa, alikuwa amekufa mwezi wa pili, kipindupindu, siku mbili tu. Twizeyimana alikwenda kumwona mjane, na mjane akampeleka nyuma ya kambi, kwenye makaburi. Ardhi pale ni mawe matupu ya volkano, msalaba hausimami. Ndugu walikuwa wamelisimamisha lile gurudumu kichwani pa kaburi, wakalikaza kwa mawe, na mtu alikuwa ameandika jina la Buhendwa kwa rangi nyeupe kuzunguka rimu. Spoku zote zilikuwepo. Twizeyimana alisimama mbele yake, akatoa kofia. Alimwambia Buhendwa aksanti kwa kulifikisha, maana ni njia ndefu na alikuwa na mzigo wake mwingine. Halafu akarudi kambini bila gurudumu, na siku hiyo hakushika spana.

Gurudumu lingine alilipata baada ya kutibu sungura kumi na mmoja. Lilikuwa la pikipiki ndogo, kwa hiyo DT ilipounganishwa ilisimama imeinamisha kichwa kama mtu anayemsalimia askofu. Sikuli aliizunguka mara mbili, akasema angalau ina adabu.

Iliwaka Jumamosi moja ya mwezi wa sita, baada ya mateke arobaini. Tangi lilikuwa limeoshwa kwa maji moto, kwa mchanga, kwa majivu, lakini mawese hayasahau, na moshi wa DT ulitoka na harufu ya samaki wa kukaanga. Watoto waliifuata kambi nzima. Mbwa pia. Kataliko alitoka kanisani akaitazama rimu yake ikizunguka, na alisema inazunguka vizuri, na kwenye uso wake ilionekana anaomba neema ya kusema hivyo. Twizeyimana alizima injini, akampa mkono, akamwambia mama akifika, gurudumu litarudi mtini. Kataliko alisema hapana, si lazima. Twizeyimana akasema ni lazima. Kataliko akasema hapana, si lazima kabisa. Twizeyimana akasema ni lazima. "Haya," Kataliko alisema, "kabla ya Jumapili ya juma lijalo, basi."

Aliondoka Jumatatu asubuhi. Rosine alimpa chupa ya maji, akamkunjia kola ya shati iliyokuwa imesimama.

Ule umaskini wa DT ndio uliompitisha. Bariyeri ya kwanza, askari waliizunguka DT wakitafuta cha kuchukua, wakaangalia gurudumu la mbele, wakaangalia kiti, wakanusa, na mkubwa wao akasema, "Pita, muzee, pole." Bariyeri ya pili, upande wa kule, walimshusha, wakaijaribu wenyewe, ikawazimikia mara tatu, wakamrudishia. Mmoja alimpa sigara kwa huruma. Twizeyimana havuti, lakini alikuwa ameshajifunza. Alikataa mara mbili, akapokea ya tatu.

Kibumba ilikuwa kimya. Mabati ya nusu ya nyumba yake yalikuwa yamekwenda, mlango ulikuwepo. Mama yake alikuwa ameketi mbele ya mlango na ungo wa maharage. Alikuwa amepungua, vitenge vilimzunguka mara nyingi kuliko zamani. Alisikia mlio, akanusa, akainua kichwa.

"Nani iko nakaanga?" aliuliza.

"Ni mimi, mama."

Alimtazama mpaka akamaliza. Kisha akaitazama DT, kuanzia nyuma kuja mbele. "Kumbe iko mingi vile, ile kazi yako," alisema. "Miezi nane."

"Niliitengeneza nije kukubeba."

"Wamama wa soko walikuwa nakuja na miguu."

Twizeyimana alishuka kwenye pikipiki. Njia nzima alikuwa ameandaa maneno ya kumbembeleza, mama asipokubali mara ya kwanza, mara ya pili, mara ya tatu. Alikuwa nayo ya kutosha mpaka mara ya saba. Hayakutumika. Mukamazimpaka alimimina maharage kwenye kitambaa, akafunga fundo, akaingia ndani akishikilia ukuta, akatoka na fimbo na picha ya ndoa yake, akasema, "Twende." Mara hii hakukataa hata mara moja. Twizeyimana alilitambua hilo, na lilimuuma mahali ambapo spana haifiki.

Walipita bariyeri ya kwanza wakirudi bila shida. Mama alishika kiuno chake, fundo la maharage katikati yao, na hakulalamika kwa mashimo wala kwa mawe. Zile ringi za Sikuli zilikuwa zimeahidi kwenda, na zikatimiza ahadi. Walipofika kwenye uwanda wa mawe meusi, katikati ya pande mbili, mahali ambapo hapana mtu, injini ilipiga kishindo kimoja na mkono wa pistoni ukatoka nje ubavuni, umenyooka, kama mwanafunzi anayeomba ruhusa ya kusema. Mafuta yakamwagika juu ya mawe. Halafu ikawa kimya kabisa, na mbali upande wa Rutshuru kulisikika mlio wa bunduki kubwa, mara mbili, bila haraka.

Twizeyimana alimshusha mama kwenye jiwe la kukalia. Alichuchumaa, akalitazama lile tundu. Alijua tangu mtazamo wa kwanza, lakini mikono yake ilitoa spana, ikaanza kulegeza boliti za injini, moja, mbili. Kasha lilikuwa limepasuka, sanduku la gia lilikuwa zima. Linaweza kuunganishwa. Gunia alikuwa nalo chini ya kiti.

"Mutoto wangu," Mukamazimpaka alisema pale jiweni. "Fungua injini yako upeleke. Mimi nitabaki hapa. Utarudi kesho."

Spana ilisimama.

"Hapana, mama."

"Ni mali. Umeteseka nayo miezi nane. Peleka. Mimi hakuna atanifanya kitu, mwili wa kizee."

"Hapana, mama."

Mukamazimpaka aliangalia mbali kidogo, kule kulikokuwa kunalia. Alichelewa kusema mara ya tatu. Twizeyimana alikuwa ameshasimama, ameshaiacha spana juu ya jiwe, na alikuwa amekwishamgeuzia mgongo na kuinama, akisubiri.

"Haya," mama yake alisema. "Kitenge kinafungwa juu ya kifua, si shingoni. Utajinyonga."

Alimfunga mwenyewe kutoka nyuma, kwa kitenge chake cha juu, akiwa ameshapanda, akamwelekeza pa kukunja na pa kukaza, kama alivyowafundisha wasichana wengi wa Kibumba kubeba wazaliwa wao wa kwanza. Fimbo aliishika mkononi. Picha na maharage yalikuwa kifuani mwa Twizeyimana. DT waliiacha imesimama pale imeinamisha kichwa, na hakugeuka kuiangalia zaidi ya mara moja.

Kutoka pale mpaka Kanyaruchinya ni kama saa mbili za mtu asiyebeba kitu. Mawe yale yanakata, lazima uchague pa kukanyaga. Baada ya muda mama aliuliza, "Niko muzito?"

"Uko muzito, mama."

"Vizuri."

Kwenye bariyeri ya mwisho wale askari wa asubuhi walimwona anakuja na kitu mgongoni, wakainua bunduki, kisha wakaona ni kitu gani, wakashusha. Mkubwa wao mwenyewe aliinua kamba ili asilazimike kuinama. Hakuna aliyeuliza pikipiki iko wapi. Twizeyimana alipita, na mbele yake zilianza kuonekana zile shitingi nyeupe, maelfu, na moshi wa mapishi ya jioni. Alihesabu hatua ishirini, akapumzika akiwa amesimama, akahesabu ishirini nyingine.

"Ile siku," mama alisema karibu na sikio lake, "nilikuambiaka beba injini."

"Ulisema, mama."

"Nilisemaka mara moja tu."

Alitaka kumwambia anajua. Alitaka kumwambia kwamba tangu siku ile ya tangi la mawese hajui kitu kingine chochote, kwamba anaamka nacho na kulala nacho. Akaangalia mawe, akachagua pa kukanyaga.

"Nilikuona unabeba gunia, unaenda," mama alisema. Sauti yake haikuwa na lawama, ilikuwa sauti ya kueleza shamba liko upande gani. "Nikasema atafika ku ule mukaratusi wa njia yetu, kule Kibumba, atageuka. Nikangoja. Nilikuwa nimeisha kuvaa viatu."

Twizeyimana alisimama. Watu waliotoka kuteka maji wakampita huku na huku na madumu yao. Kisha akampandisha mama kidogo mgongoni, kwa sababu alikuwa ameteremka, akaendelea kutembea.